Ukuta wa Nne wa Mihambo

Mtu mmoja alikuwa na nyumba yenye kuta tatu. Ukuta wa nne ulikuwa wa jirani yake.

Msicheke bado. Hakuwa mjinga. Aliitwa Mihambo, fundi cherehani, naye alifika Tabora mwezi wa Novemba akiwa na mke mjamzito, cherehani moja ya kukanyaga na mabati kumi na mawili. Mvua zilikuwa zimekaribia kuliko alivyodhani. Kiwanja alichopata kilikuwa chembamba, kimebanana na nyumba ya mtu wa mizinga aitwaye Kapela, ambaye kazi yake ilikuwa kurina asali porini na kuiuza mjini.

Kapela alimkuta akipima msingi kwa kamba. Akamtazama, akayatazama mawingu, kisha akamwambia aache kupima upande ule. Ukuta upo, alimwambia. Egemeza boriti zako hapa, ulale pakavu.

Basi Mihambo akajenga kuta tatu kwa siku tisa, na boriti zake akazilaza juu ya ukuta wa Kapela. Siku ya kumi mvua ikanyesha. Mkewe, Nyamizi, alikuwa chini ya bati, na miguu yake ilikuwa mikavu.

Wiki tatu baadaye uchungu ulimshika Nyamizi mchana, mumewe akiwa sokoni kutafuta vifungo. Alikuwa peke yake, na sauti haikumtoka. Akaugonga ukuta kwa ngumi mara tatu. Upande wa pili alikuwapo Kalunde, mke wa Kapela, akichambua mchele. Kalunde aliacha mchele, akazunguka nje, akaingia. Akazaliwa mtoto wa kike, wakamwita Wande, na mikono ya kwanza kumshika hapa duniani ilikuwa ya Kalunde. Kalunde na Kapela hawakujaliwa mtoto. Nadhani mnaelewa Wande alikuwa nini kwao.

Tangu siku hiyo kugonga kukawa lugha ya nyumba zile mbili. Kugonga mara moja ni kuomba chumvi. Mara mbili, chai ipo. Mara tatu, njoo. Miaka ishirini na miwili ilipita hivyo, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza ukuta ni wa nani.

Wande alikua, akasoma, akamaliza chuo cha uuguzi. Akapigwa picha amevaa joho na kofia ya pembe nne, naye baba yake akaipeleka kwa seremala ikatiwa fremu ya mninga, nzito kama mlango. Jumapili moja ya mwezi wa Septemba, baada ya chakula cha mchana, Mihambo akaamua kuitundika. Alichagua ukuta ule, kwa sababu ndio unaoonekana kwanza mtu akiingia. Akachukua msumari wa inchi sita, kwa kuwa fremu ilikuwa nzito na kwa kuwa alikuwa na furaha.

Upande wa pili, mahali palepale, Kapela alikuwa na rafu iliyoshikiliwa na vigingi viwili vya mti. Juu ya rafu zilikaa ndoo mbili za asali mpya. Chini ya rafu, juu ya mkeka, Kapela mwenyewe alikuwa amelala, kifua wazi, mdomo wazi.

Msumari ulipita kwenye udongo, ukakisukuma kigingi kimoja, kikatoka. Rafu ikainama. Asali ya miombo haimwagiki kama maji. Inashuka taratibu, na Kapela alisema baadaye kwamba aliiota kabla hajaamka. Aliamka ikiwa imeshajaa machoni na masikioni. Uani kwake kulikuwa na mizinga mitupu iliyoanikwa, na nyuki waliokuwa wakiizungukazunguka waliinusa ile asali wakaingia. Mtu aliyefanya kazi na nyuki kwa miaka thelathini bila kuwakimbia, siku hiyo aliwakimbia. Alikimbia katika mtaa wake mwenyewe, mchana kweupe, amevaa msuli tu, asali ikimchuruzika mgongoni, nyuki nyuma yake, na nyuma ya nyuki mbwa wa mwenye duka akilamba nyayo.

Mtaa mzima ulicheka. Hapo hapakuwa na kosa. Hata Kapela, nadhani, angecheka zikipita siku mbili tatu, uvimbe ukishapungua. Lakini Mihambo alitoka na nyundo mkononi kwenda kumwomba radhi. Akafungua kinywa aseme pole, kikatoka kicheko. Akajaribu tena, kikatoka kicheko. Alicheka mpaka akakaa chini, mbele ya watu, machozi yakimtoka.

Kapela alisimama akijifuta macho. Alikuwa mkubwa kwa Mihambo kwa miaka minane, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akimwita mdogo wangu. Siku hiyo alimwita kama wanavyomwita wateja.

“Fundi,” alisema, “ukuta huu ni wangu. Toa msumari wako.”

Ndilo neno lenyewe. Halikuwa na tusi ndani yake, tena lilikuwa kweli. Lakini lilipotoka, kicheko cha Mihambo kilikatika, na watu wakaacha kucheka, wakaanza kuondoka mmoja mmoja kama watu waliochungulia chumba kisichowahusu. Mihambo aliingia ndani, akaung'oa msumari kwa koleo. Picha ya Wande akaisukuma chini ya kitanda, uso ukiangalia sakafu. Alijiona kama mgeni aliyekaribishwa akae, akakaa akasahau, kisha akakumbushwa mbele za watu kwamba ni mgeni.

Jioni ile Kalunde aligonga mara mbili. Chai ipo. Nyamizi akainuka, Mihambo akamwambia akae. Nyamizi akakaa. Kalunde hakugonga tena, na mimi sikujaaliwa kujua alikunywa chai na nani.

Mngeweza kuniambia kwamba jambo dogo kama hili lingeisha lenyewe. Lingeisha, kama mmoja wao angekuwa na haya kidogo na mwingine angepunguza kiburi. Lakini wote wawili walikuwa watu wema, na kila mmoja alijua kuwa ni mwema, na kwa hiyo kila mmoja alimngoja mwenzake. Wiki ikapita, kisha mwezi. Katika mwezi wa Oktoba Mihambo akaagiza udongo wa kichuguu, akafyatua matofali, akaanza kujenga ukuta wa nne.

Aliujenga ndani ya nyumba yake mwenyewe, maana nje hapakuwa na nafasi. Hakutaka uuguse ukuta wa Kapela, hivyo akaacha upana wa kiganja kati ya ukuta na ukuta. Alizikata ncha za boriti zake zilizokuwa kwa Kapela, akazilaza juu ya matofali yake. Mabati akayafupisha. Katikati ya nyumba mbili pakabaki ufa mrefu ulio wazi mpaka mbinguni, na hakuna bati la nyumba yoyote lililoufunika.

Alijenga kwa hasira, bila kupima. Ukuta ulipokwisha, ilionekana kwamba mlango wa kabati sasa unafungukia kwenye matofali. Ulifunguka kiasi cha kupitisha vidole viwili, ukakwama. Nguo zake zote nzuri zilikuwa humo. Nyamizi alimwomba atoe tofali moja tu. Alikataa katakata. Jumapili mbili alikwenda kwenye ibada amevaa suruali ya mteja ambaye hakuwa amekuja kuichukua. Jumapili ya pili mteja mwenyewe alikuwapo, ameketi nyuma yake, na wakati wa kusimama aliitambua suruali yake kwa mshono wa nyuma. Hakusema kitu ndani ya ibada. Watu waliniambia kwamba nje alisema kwa muda mrefu.

Mihambo akaja nyumbani, akalibomoa lile kabati kwa shoka, akatoa nguo zake. Ukuta hakuugusa.

Kisha kukawa na jambo la kuku. Mwezi wa Desemba kuku wa Kapela aliruka juu ya bati, akateleza, akatumbukia ndani ya ufa. Alishuka mpaka chini, akabanwa, akaanza kulia. Kapela alimsikia. Lakini ili kumtoa ilibidi kupanda juu ya bati la Mihambo, na Kapela hakuwa tayari kuomba. Mihambo naye alimsikia. Lakini kuku hakuwa wake, na hakuwa ameombwa. Kuku alilia siku tatu katikati ya nyumba za watu wanne wenye masikio. Siku ya nne alinyamaza. Siku ya sita nyumba zote mbili zilifunga madirisha kwa ajili ya harufu, na kila mmoja akawaambia wapita njia kwamba inatoka upande ule mwingine.

Najua hapo mmetabasamu. Nami nilitabasamu nilipoambiwa. Lakini zingatieni jinsi mtu anavyojifunza. Sauti ya kuku siku ya kwanza humsumbua mtu mpaka hawezi kula. Siku ya pili anakula, lakini anaisikia. Siku ya tatu anakula na kuzungumza, na mtu akimwuliza ni sauti gani ile, lazima kwanza atulie ili aisikie.

Ikafika Januari, na mvua zilikuwa nyingi. Siku ya Jumanne Kapela aliondoka alfajiri kwenda porini kukagua mizinga yake. Nyamizi alikwenda kwenye msiba wa upande wa mama yake, kijiji cha mbali kidogo. Mihambo kwa kawaida alishonea barazani, lakini mvua ilikuwa ikipiga baraza, akaiingiza cherehani ndani, akaiweka kando ya ukuta wake mpya. Alikuwa na sare za watoto wa shule za kumaliza.

Yapata saa nne asubuhi alisikia kugonga. Kulikuwa kwa mbali, maana sasa kulikuwa na kuta mbili na ufa katikati, lakini alisikia. Ilikuwa mara tatu.

Aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio. Cherehani ikatulia. Akasikia tena, mara tatu.

Akawaza kwamba Kalunde anapigilia kitu. Akawaza kwamba ni mtego. Akitokea mlangoni ataulizwa nani kamwita. Akawaza kwamba ukuta ni wao, waugonge wapendavyo. Mtu akiwa na mawazo matatu kwa jambo moja, ujue lipo la nne analolijua na hataki kulitazama. Mihambo alijua mara tatu maana yake ni nini. Binti yake alizaliwa kwa mara tatu hizo.

Ikagongwa tena, mara tatu. Mihambo akaushusha mguu, akakanyaga. Alikanyaga kwa nguvu kuliko kazi ilivyotaka, na kelele ya cherehani ikajaa chumbani. Alishona sare tano bila kusimama. Aliposimama, kulikuwa kimya, na mvua ilikuwa imekatika.

Kapela alirudi alasiri, saa tisa ikiwa imepita. Alimkuta mkewe chini, ameegemea ukuta, mdomo umepinda, mkono mmoja na mguu mmoja havisikii. Katika mkono uliobaki alikuwa ameshika mwiko. Chini kabisa ukutani, mahali mtu aliyeanguka anapofikia, lipu ilikuwa imemeguka kwa alama nyingi za mwiko. Zilikuwa nyingi mno. Kapela aliziona, akamnyanyua mkewe, akapiga kelele njiani mpaka gari likasimama.

Ilikuwa kiharusi. Hospitalini walimwambia Kapela kwamba mama ataishi, lakini maneno yake huenda yasirudi, na kwamba saa za mwanzo ndizo zingesaidia zaidi. Hawakumlaumu mtu. Walisema tu hivyo, kama wanavyowaambia watu wote.

Nyamizi alirudi kutoka msibani, akasikia habari, akalia. Akamwuliza mumewe kama alikuwapo nyumbani siku ile na kama hakusikia chochote. Mihambo alijibu kwamba cherehani ilikuwa ikipiga kelele. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Kalunde alirudishwa nyumbani siku ya nane. Nyamizi hakumwuliza mtu ruhusa. Alichukua beseni na kanga mbili, akazunguka nje kama zamani, akaingia kumwogesha. Kapela hakumzuia wala hakumkaribisha. Alisimama mlangoni akitazama pembeni. Nyamizi aliporudi alimweleza mumewe kwamba Kalunde anamtazama mtu machoni, anataka kusema, kinatoka kitu kama pumzi, kisha anaacha. Mihambo hakuweza kula. Wateja walipokuja kuchukua sare, waliona kuwa mikono ya mashati matano imeshonwa upande usio wake, wa kulia kushoto na wa kushoto kulia. Zilikuwa sare tano zile.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, Mihambo alitoka nyumbani kwake akaenda kwa Kapela. Kutoka mlango hadi mlango ni hatua arobaini. Hakuwa amezipita tangu Septemba. Alimkuta Kapela uani, amechuchumaa mbele ya jiko, anachemsha uji wa mgonjwa, anaukoroga vibaya kama mwanamume asiyewahi kukoroga uji. Mihambo alisimama. Hakusalimia, maana aliogopa kwamba akisalimia ataishia kwenye salamu.

“Kaka,” alisema, “nilisikia. Aligonga mara tatu, tena na tena. Nilijua ananiita. Nilikanyaga cherehani ili nisisikie.”

Kapela hakuinua kichwa. Aliendelea kukoroga. Uji ulifura, ukamwagika juu ya moto, ukazima upande mmoja wa jiko, naye akaendelea kukoroga. Mihambo alikuwa amejiandaa kupigwa. Alitamani kupigwa. Kapela alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ndogo mpaka Mihambo akalazimika kusogea.

“Asubuhi ile kabla sijaondoka aliniambia mkono una ganzi,” alisema. “Akataka amgongee Mama Wande aje akae naye. Nikamwambia, ukiugonga ukuta ule, usinihesabu kuwa mumeo. Kwa hiyo alingoja. Sijui alingoja mpaka saa ngapi.”

Wakabaki hivyo, mmoja amesimama, mwingine amechuchumaa. Hawakukumbatiana. Yeyote atakayewasimulia kwamba walikumbatiana anawapendezesha. Kapela alimwambia aende, naye akaenda.

Zikapita siku tatu. Siku ya nne, baada ya chai, Mihambo akiwa ndani alisikia mshindo ukutani. Haukuwa wa mwiko wala wa ngumi. Ulikuwa mshindo wa mtaimbo. Udongo ulikuwa ukidondoka ndani ya ufa. Alisikiliza kidogo, akaelewa. Akaenda kuazima mtaimbo kwa mtu aliyekuwa akichimba choo mtaa wa pili, akarudi, akaanza na yeye kutoboa upande wake.

Hawakuwa wameongea. Hawakuwa wamepima. Kila mmoja alikisia mahali mwenzake alipo kwa kusikia tu, na matope ya mvua yalidanganya sauti. Adhuhuri matundu mawili yakafunguka, na hayakulingana. Tundu la Kapela lilikuwa chini, la Mihambo lilikuwa juu kwa mkono mzima na limekwenda kushoto. Walichungulia kupitia pale, wamejaa vumbi, mmoja akionekana kuanzia kidevuni kwenda juu, mwingine kuanzia kifuani kwenda chini. Nyamizi alisema hapo ndipo alipoogopa wangeanza upya, kwamba nani kakosea. Hawakuanza. Walipanua huku na huku mpaka mtu mzima akaweza kupita, wakatia miimo ya mbao, wakaweka bati dogo juu ya ufa ili mvua isiingie. Lakini mlango ule ulibaki umepinda. Ukitoka kwa Mihambo unainama na kushuka. Ukitoka kwa Kapela unapanda na kuinama. Na katikati, penye unene wa kuta mbili, ni giza kwa hatua moja. Mimi mwenyewe nimepita hapo. Niligonga kichwa kwenda na kurudi.

Mlango huo ndio aliopitia Nyamizi kila siku, na beseni, na uji, na nguo zilizofuliwa. Wande alipopata likizo alipita hapo na dawa, akamfundisha Kapela namna ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda. Mihambo alipita hapo jioni kumnyanyua Kalunde na kumweka barazani apate hewa, maana mgongo wa Kapela ulikuwa umechoka. Mara ya kwanza alipomnyanyua alishindwa kumtazama. Kalunde alimshika shavu kwa mkono wake mzima, akaugeuza uso wake, akamtazama yeye. Alichotaka kumwambia hakuna anayekijua. Mihambo alisema kwamba angetoa miaka yake kukijua, na kwamba huenda ni heri hakukijua.

Kapela hakumtamkia kwamba amemsamehe. Mihambo hakuuliza. Walikuwa wakikaa barazani pamoja, na siku moja, katikati ya maneno mengine, Kapela alimwita mdogo wangu, kisha akakohoa kama mtu aliyejikwaa.

Kalunde aliishi miaka miwili na miezi minne. Alifariki mwezi wa Mei, asubuhi yenye jua. Nyamizi ndiye aliyemwosha. Waombolezaji walijaa nyumba zote mbili, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine, na chakula kilipitishwa kwenye ule mlango uliopinda. Watu waliutazama, wakautikisia vichwa kwa heshima. Baada ya mazishi, watu walipokaa kwenye mikeka, mjumbe wa mtaa alisimama kusema maneno. Akamsifu marehemu. Kisha akamsifu Mihambo. Alisema kwamba watu wa siku hizi wanajenga kuta, lakini huyu alivunja wake; kwamba alimnyanyua mke wa jirani kama dada yake; na kwamba mtaa mzima ungekuwa na majirani kama yeye, serikali isingekuwa na kazi. Watu wakaitikia.

Mihambo alimtazama Kapela. Kapela alitikisa kichwa kidogo sana. Maana yake ilikuwa, acha, si lazima, imetosha kati yetu.

Lakini Mihambo alisimama. Akawaambia wote. Aliwaambia juu ya ile Jumanne, na mvua, na sare tano. Aliwaambia idadi ya mara alizosikia kugongwa, na kwamba alijua. Hakumtaja Kapela kwa lolote. Alipomaliza hakuna aliyesema pole, hakuna aliyesema tumekusikia. Mwanamke mmoja aliinuka, akachukua mkeka wake, akaenda kukaa mbali. Wako wateja ambao kuanzia wiki ile walipeleka vitambaa vyao kwa mafundi wengine, na mpaka leo hawajarudi. Wako waliosema kwamba angenyamaza, maana marehemu hafufuki kwa maneno. Kapela alimshika mkono, akamketisha, akakaa karibu naye mpaka watu walipoondoka.

Nilikuwa kwenye mikeka ile. Ndiyo maana nayajua haya, na lile la ganzi alinieleza Kapela mwenyewe baadaye. Nilimsikia mtu akitoa mbele ya kadamnasi jambo ambalo hakuna mtu angemwuliza maisha yake yote, na nikarudi nyumbani nikashindwa kulala kwa ajili ya jambo langu mwenyewe, ambalo sitawaambia leo, kwa sababu yupo mtu ninayepaswa kumwambia kwanza. Nilikwenda kwake wiki ile ile. Ilinichukua hatua nyingi kuliko arobaini.

Basi ninyi mlioketi hapa, watu wazima wenye majirani, sitawauliza ukuta ulikuwa wa nani. Nawauliza hili moja: yule uliyemsikia ukajifanya hukumsikia, je, yu hai bado?